Karoti haioti? Kabla hujalaumu mbegu angalia sentimita moja ya juu ya udongo

Mzee wa Tuta

Wakuu salama humu. Kila baada ya muda anakuja mtu analia karoti zake hazijaota, kapigwa mbegu feki, kamwaga pakiti nzima hajaona hata mche mmoja, afu wachangiaji nao wanaanza kumtajia dawa. Nimeona nifungue uzi mmoja tuyamalize hapa, mwenye swali aulize na mwenye kupinga apinge, ila tusiandikiane dawa za mgonjwa asiyeumwa.

Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi mbegu ni nzima kabisa, kinachoua ni ukavu wa juu. Mbegu ya karoti inafukiwa juu juu mno, nusu sentimita hadi moja, na hapo ndo udongo unapokauka haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya tuta. Maharage unayaweka sentimita 4 au 5 chini, hata ukipitiwa siku mbili bila kumwagilia yanakuta unyevu wake huko. Karoti haina hiyo akiba. Jua la mchana mmoja tu linatosha. Na ubaya ni kwamba mbegu ikiwa kavu inavumilia, hata ikinywa maji kidogo ikakauka tena bado inaweza kuvumilia, ila ikishapasuka ikatoa kale kamzizi ka kwanza hairudi nyuma, ukavu ukiikuta hapo imekwisha na wewe juu huoni kitu, unaona udongo mtupu unasema mbegu feki.

Halafu inachelewa kwa maumbile yake. Ndani ya mbegu ya karoti kiinitete, yaani kale kamche kachanga kaliko ndani ya mbegu, ni kidogo sana, hakijakomaa, kinabidi kwanza kirefuke humo humo ndani ndo kitoboe ganda. Figili hiyo ishatoka siku ya nne, karoti ndo kwanza inajipanga. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 20 mpaka 25 za Selsiasi tegemea wiki moja hivi, nyuzi 15 kama siku 10, nyuzi 10 wiki mbili na nusu, na kwenye nyuzi 5 unaweza ukasubiri wiki saba. Ukienda juu nako kuna mwisho, ikifika 35 inaanza kusuasua na 40 haioti. Sasa mtu anasia jumatatu, jumanne ya wiki inayofuata kashafukua anasia mchicha.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Tuta nalichimba mpaka sentimita 25 au 30, natoa mawe, mabonge na mizizi, juu napitisha reki mpaka udongo unalainika. Samadi mbichi siweki, mizizi inakuja na matawi na vinyweleo, naweka mboji iliyooza vizuri. Kisha namwagilia tuta KABLA ya kusia, na namwagilia kweli sio kunyunyiza, maji yashuke chini kabisa, nasubiri yanywe. Ndo nachora kifereji kwa kijiti, kina cha ukucha tu, namwagilia tena ndani ya kifereji, nasia. Kufukia situmii udongo ule ule, nachukua mboji iliyochekechwa au mchanga, napiga tabaka jembamba, nagandamiza kwa kiganja ili mbegu ishikane na udongo. Mwisho nalaza gunia la katani juu na kulilowesha. Hiyo sehemu ya kumwagilia kabla ndo watu wanairuka, wanakuja kumwaga maji baada ya kusia, mbegu zinaelea zinakusanyika sehemu moja zote.

Karibuni.

jembe_butu

Kwa hiyo mkuu niache kazi nikae nalinda sentimita moja 😂

Mzee wa Tuta

Hapana bana, ndo maana ya gunia. Gunia linakaa kazini wewe unaenda kwako.

binti_mboga

Asante kwa uzi kaka. Swali langu ni hilo la kufunika, kuna anayesema ubao, mwingine anasema nyasi, mwingine nailoni, mimi nyumbani nina nailoni nyeusi nyingi tu je naweza kutumia hiyo? Na nikishafunika namwagilia juu yake au naifunua kwanza?

Mzee wa Tuta

Nailoni nyeusi usithubutu kama tuta lako linapigwa na jua, chini yake joto linapanda linapita hizo 35 nilizotaja, utakuwa unazipika. Kama kuna kivuli sawa, ila bado mimi sishauri. Ubao unafanya kazi vizuri kwa sababu unazuia jua na unatunza unyevu, shida maji hayapiti kwa hiyo kila ukitaka kumwagilia unaunyanyua, na konokono wanapapenda mno chini ya ubao. Nyasi kavu zina matatizo mawili, zinakuja na mbegu zake za magugu, na siku ya kuziondoa miche inakuwa imeshapenya katikati yake, ukivuta nyasi unavuta na karoti. Ukilazimika kutumia nyasi weka chache sana, jua lionekane kwa mbali.

Gunia la katani unamwagilia juu yake hapo hapo, linachuja maji yanashuka kidogo kidogo, hayapigi udongo. Hata shuka kuukuu la pamba linafaa. Ila msinisahau hapa, kuanzia siku ya tano unachungulia KILA SIKU. Ukiona hata kamche kamoja kamejikunja kanatoka, jioni hiyo hiyo toa kifuniko. Ukichelewa siku mbili tatu utakuta vitu vyeupe, virefu, vimelala, na vingine vimeshapenya kwenye nyuzi za gunia. Na toa jioni sio saa sita mchana, vikitoka gizani vikakutana na jua kali ghafla vinaungua.

KijaniKibichi

Naheshimu maelezo ila naona mzee unazunguka. Loweka mbegu usiku kucha kwenye maji, asubuhi sia, tatizo limeisha. Mimi siku zote naloweka na zinatoka mapema kuliko za jirani.

Mzee wa Tuta

Sijakataa kuloweka. Ila kuloweka kunakupunguzia siku za kusubiri, hakukuondolei ukavu. Tena ukiloweka ndo unakuwa umeiamsha mbegu, ukiipeleka kwenye tuta linalokauka mchana umeiwahisha kufa. Kwa mtu wa gunia kuloweka ni nyongeza nzuri. Kwa mtu asiye na gunia bora asie kavu, angalau itasubiri mvua.

KijaniKibichi

Na mbegu zenyewe zina mafuta ndani yanayozuia kuota, ndo maana zina ile harufu, ukiloweka unayaosha. Hilo hujalisema.

fundi_maabara

Niingilie hapo maana kila mmoja ana kipande cha ukweli. Mbegu za karoti kweli zina mafuta ya harufu, mojawapo linaitwa karotoli, na lina tabia ya kuzuia uotaji. Kuziosha au kuziloweka kunasaidia kiasi. Lakini kinachochelewesha zaidi ni hicho alichosema Mzee, kiinitete kichanga. Kuloweka kunafanya kazi kwa sababu kunaanzisha safari mapema, sio kwa sababu kunaondoa sumu.

Ukiloweka zingatia mambo haya. Maji ya kawaida sio ya moto. Saa chache mpaka usiku mmoja, usizidishe zikae siku mbili kwenye maji yaliyosimama, mbegu inahitaji hewa pia, itaoza. Ukitoa zitagandana na vidole hutaweza kusia, zitandaze juu ya karatasi zikauke nje tu mpaka zitengane, au zichanganye na mchanga mkavu usie vyote pamoja.

Kwa wanaopenda majaribio kuna njia nyingine ambayo ilifanyiwa kazi sana Uingereza, kituo cha utafiti wa mboga cha Wellesbourne, miaka ya 1970. Unaotesha kwanza ndani, juu ya tishu yenye unyevu kwenye chombo chenye mfuniko, mpaka uone kamzizi kametokeza milimita mbili tatu hivi. Hapo unachukua uji mwepesi wa wanga wa mahindi, uliochemshwa na KUPOA kabisa, unachanganya mbegu humo taratibu, unatia kwenye mfuko wa plastiki, unakata kona ndogo, unaminya kufuata kifereji. Ule uji unashikilia mbegu zisigusane wala kuvunjika mizizi, na unaanza na unyevu wake. Unafukia kama kawaida. Kamzizi kakizidi urefu huo acha, katavunjika tu.

jembe_butu

Yaani napikia karoti uji kabla haijazaliwa. Sawa.

Mchimbaji2

Mkuu mi nabisha kidogo. Kuna msimu nilifuata yote hayo, kivuli kilikuwepo, maji yapo, tuta laini, na hazikutoka. Mbegu mbovu zipo, tusiwatetee wauzaji. Nilinunua duka moja hivi pakiti ipo dirishani imepauka kwa jua, tarehe imefutika. Sasa hapo napo niilaumu sentimita?

fundi_maabara

Hapo umesema vizuri na pakiti iliyopauka dirishani ni jibu tosha. Karoti sio katika mbegu zinazodumu sana, hesabu miaka mitatu hivi ikitunzwa vizuri, na joto na unyevunyevu vinaila haraka. Kuna kanuni ya siku nyingi ya watu wa mbegu, kila ukipunguza joto la mahali pa kutunzia kwa nyuzi 5 maisha ya mbegu yanakaribia kuongezeka mara mbili, na kila ukipunguza unyevu wa mbegu yenyewe kwa asilimia moja hivyo hivyo. Sasa igeuze hiyo kanuni uone mbegu iliyokaa dirishani inafanywaje.

Halafu hata mbegu nzuri ya karoti haioti yote. Viwango vyake viko chini kuliko mboga nyingi, mfano sheria ya mbegu ya Marekani kiwango cha chini cha karoti ni asilimia 55 wakati kabichi na nyanya ni 75. Sababu mojawapo ni jinsi mmea unavyotoa maua, lile ua kubwa la juu linakomaa mapema na mbegu zake zinakuwa nono, yale ya matawi ya pembeni yanachelewa, ukivuna yote siku moja unachanganya mbegu zilizokomaa na ambazo hazijakomaa.

Ndo maana badala ya kubishana mbegu feki au sio feki, PIMA. Hesabu mbegu 20, ukiwa nazo nyingi 50 ni bora. Kunja tishu mara tatu nne, loanisha, kamua mpaka isidondoke maji, panga mbegu zisigusane, funika na tishu nyingine, weka kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa bila kubanwa, weka ndani ya nyumba mahali pa joto la kawaida mbali na jua. Kila siku fungua angalia unyevu na ziingie hewa. Hesabu siku ya 7 na siku ya 14, hata maabara za kupima mbegu hesabu ya mwisho ya karoti ni siku ya 14. Zikitoka 14 katika 20 una asilimia 70, mbegu ni nzima, kama shambani haitoki tafuta tatizo shambani. Zikitoka 8, sia mara mbili ya kawaida. Zikitoka 2 tupa.

Mchimbaji2

Hii ya tishu nimeielewa. Ningeijua mapema ningerudi na ile tishu dukani nikamwekee mezani.

Mzee wa Tuta

Nakubaliana na fundi mia kwa mia, na hicho kipimo kifanyike siku ile ile unayonunua sio siku unayoanza kulalamika.

Mama Kitalu

Mimi zangu zinatoka jamani, tena zinatoka vizuri tu, tatizo langu baada ya siku kama nne tano hazipo. Asubuhi naamka nakuta mstari una mapengo, kesho mapengo yameongezeka, mwisho imebaki michache ya pembeni. Nimeambiwa ni udongo mbaya. Nifanyeje?

Mzee wa Tuta

Mama yangu hapo kuna wezi watatu tofauti na kila mmoja ana alama yake, kwa hiyo kesho alfajiri piga magoti uangalie kabla ya kufanya lolote.

Ukikuta mche umelala, majani bado yapo, lakini pale shina linapoingia kwenye udongo pamenyong'onyea pamekuwa pembamba pana rangi ya maji au kahawia, hiyo ni kinyausi. Ni ukungu, unashambulia miche iliyobanana kwenye udongo unaotota na usiopata hewa. Hapo ndo kwenye mtego wenyewe, kabla ya kuota unataka unyevu muda wote, zikishaota unaanza kupunguza, unaacha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, na unamwagilia asubuhi sio usiku. Ukiendelea na maji yale yale ya kabla ya kuota unaikaribisha.

Ukikuta mche umekatwa kabisa usawa wa ardhi, umeachwa umelala pembeni mzima, hiyo ni sota. Fukua kwa kidole pembeni ya mche uliokatwa, sentimita mbili tatu, utamkuta funza mnene wa kijivu amejikunja. Muue, nenda kwenye mche mwingine.

Ukikuta majani hayapo, kimebaki kijishina au hakuna kitu, na kuna mstari unang'aa kwenye udongo, ni konokono. Nenda usiku na tochi uokote. Laza kipande cha ubao pembeni ya tuta, asubuhi unaugeuza unawakuta wamelala.

Mama Kitalu

Nimekuelewa mwanangu. Nahisi ni hiyo ya kwanza maana nasia kwa kumwaga na zinabanana, na maji nayamwaga asubuhi na jioni bila kukosa.

fundi_maabara

Mama, basi anza na nafasi. Mbegu za karoti ni ndogo, gramu moja inaweza kuwa na mbegu 700 mpaka 1,000, ukimwaga kwa mkono mtupu lazima zibanane. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko vitano au zaidi vya mchanga mkavu, halafu mwaga huo mchanganyiko kwenye kifereji. Lenga mbegu moja kila sentimita moja mbili. Faida ya pili unaona umepita wapi, mchanga unaonekana juu ya udongo mweusi.

binti_mboga

Mimi niliona sehemu wanachanganya karoti na figili kwenye mstari mmoja, inasaidia nini?

Mzee wa Tuta

Inasaidia mambo mawili. Figili inatoka siku chache tu inakuchorea mstari uko wapi, kwa hiyo unaweza kupalilia katikati ya mistari bila kusubiri karoti. Pia inapasua gamba la juu la udongo, karoti inakuja inapita kwenye nyufa. Ila weka figili moja moja kila sentimita 10 hivi, na uzing'oe mapema zikifika ukubwa wa kula, tena kwa kuzungusha taratibu. Nimeona watu wanaweka nusu kwa nusu, figili inafunika kila kitu karoti inabaki kivulini.

Na hili la gamba niliseme maana nililipitia haraka. Udongo wenye mfinyanzi ukinyeshewa matone mazito halafu ukapigwa na jua unafunga juu, unaweza kunyanyua kipande kizima kwa kisu. Mche wa karoti hauna nguvu ya kupasua hicho kitu. Maharage yananyanyua mlango, karoti inakufa chini ya mlango. Ndo sababu nafukia kwa mboji iliyochekechwa, haifungi. Na ndo sababu ya kutumia kopo lenye matundu madogo sana, ulianze kumimina pembeni ya tuta mpaka mvua yake iwe laini, ndo ulipitishe juu ya mstari, na umalizie pembeni. Mwanzo na mwisho wa kumimina ndo kuna matone makubwa. Mpira wa maji usiokuwa na kichujio usiusogeze kabisa hapo.

Mti_Mkavu

Wakuu mi nimeotesha kwenye trei, zimetoka nyingi hadi raha, lini nahamishia bustanini?

Mzee wa Tuta

Usihamishe.

Mti_Mkavu

Mbona nyanya tunahamisha

Mzee wa Tuta

Kwenye nyanya unakula tunda, mzizi ukikatika unaota mwingine hakuna anayeuangalia. Karoti unakula ule mzizi wenyewe wa kwanza. Ukiunyofoa ukakatika ncha au ukakunja wakati wa kuuingiza, utavuna karoti yenye miguu mitatu. Inaliwa, ila sio karoti uliyoitaka. Kamzizi kanakimbilia chini mapema sana, mche bado una majani mawili tu juu lakini chini kashafika mbali. Hizo za trei zikuze humo humo kama trei ina kina, kama ni fupi kula majani yake kwenye saladi uanze upya kwenye tuta.

Mchimbaji2

😂😂 pole mkuu, saladi hiyo

dada_wa_bustani

Nina mbegu zile zilizovishwa udongo zikawa kama vidonge vidogo vya rangi. Zimenirahisishia kupanga moja moja ila kuota ni shida kuliko za kawaida. Kuna siri gani?

fundi_maabara

Hizo dada zinahitaji maji mengi mwanzoni kuliko mbegu tupu, maana lile vazi linabidi lilowe liyeyuke au lipasuke kwanza ndo mbegu ipate maji na hewa. Likilowa nusu likakauka linakuwa gumu kuliko mwanzo na mbegu imefungwa ndani. Siku ile ya kusia mwagilia mpaka uhakikishe, fukua kimoja baada ya masaa machache ukibonyeze kwa kidole, kikivunjika kama tope uko salama, kikiwa kigumu katikati rudia maji. Na usiziloweke kabla ya kusia, vazi litabaki kwenye bakuli. Nyingine, wengi huzivisha mbegu ambazo zimeshaandaliwa zianze kuota haraka, hizo hazitunziki muda mrefu, usiweke akiba ya msimu ujao.

jembe_butu

Haya nimerudi, nilisia kama alivyoelekeza Mzee na gunia langu. Leo nimechungulia kuna vitu vya kijani vimetoka ila vinafanana na majani ya kawaida, vijani viwili virefu vyembamba kama nyasi. Nataka kung'oa nianze kupalilia, au ndo zenyewe?

Mzee wa Tuta

WEWE USING'OE CHOCHOTE. Toa gunia jioni hii.

Hivyo viwili virefu vyembamba ndo karoti, ni majani ya mbegu, wanaofahamu sura ya jani la karoti lile lenye mikatomikato wanalisubiri hilo, haya wanayang'oa wakidhani ni nyasi. Lile la mikatomikato linakuja baadaye kidogo, linatokea katikati ya hayo mawili. Namna ya kutofautisha na nyasi, nyasi inatoka jani moja likiwa limesimama, karoti inatoka mawili yakiangaliana kutoka kwenye kijishina kimoja. Bado una wasiwasi ngoja jani la tatu. Ukiweza kata kimoja kati ya hayo usugue usikie, harufu ya karoti iko hata kwenye mche mchanga.

jembe_butu

Dah nusura. Sasa zimetoka kwa viraka, huku nyingi zimebanana, katikati kuna pengo la kama hatua moja hakuna kitu, mwisho wa mstari zipo chache. Naziba pengo kwa kuhamisha hizi zilizobanana?

KijaniKibichi

Mti_Mkavu njoo umjibu mwenzio 😂

Mti_Mkavu

Usihamishe.

Mzee wa Tuta

😂 Umefaulu. Jembe_butu, kwanza subiri siku chache zaidi, karoti haitoki siku moja zote, nyingine zinakuja wiki nzima baada ya mwenzake. Kwenye pengo rudisha kipande cha gunia kiendelee kushika unyevu, huku zilizotoka zibaki wazi. Baada ya hapo kama bado hakuna kitu chora kifereji upya kwenye pengo tu usie mbegu nyingine. Zitachelewa kuliko wenzake, kwani lazima uvune siku moja? Wewe una bustani ya nyumbani huna lori linasubiri, ni bora zaidi zipishane.

Hebu niambie hilo pengo liko upande gani wa tuta, kuna mwinuko? Au ndo hapo unapoanzia kumwaga maji?

jembe_butu

Ndo hapo hapo naanzia kumwaga kopo, nasimama upande wa njia. Na kuna kashimo kidogo.

Mzee wa Tuta

Basi mbegu zilisombwa, nenda kaangalie mwisho wa kashimo utazikuta zimeota kwa rundo.

jembe_butu

Aisee zipo. Kundi zima kama kumi na kitu hivi kwenye nafasi ya kiganja.

Mama Kitalu

Na hizo zilizobanana zipunguzwe lini? Mimi huwa nasubiri zikue nile zile ndogo.

fundi_maabara

Mama punguza mara mbili. Ya kwanza miche ikiwa na majani mawili matatu yale ya mikatomikato, acha sentimita 2 au 3 kati ya mche na mche. Ya pili vikishaanza kuwa vikaroti, acha 5 mpaka 8 kutegemea aina, na hapo ndo utapata hizo ndogo za kula. Ile ya kwanza usivute, kata kwa mkasi usawa wa udongo, ukivuta mmoja kwenye kundi lililobanana unatikisa mizizi ya jirani zake. Udongo uwe umemwagiliwa siku hiyo. Na mabaki usiyaache juu ya tuta, harufu ya majani yaliyokatwa inamvuta nzi wa karoti, kwenye maeneo ambayo nzi huyo yupo.

jembe_butu

Mkasi wa nguo unafaa?

fundi_maabara

Unafaa, uwe mwembamba tu nchani. Mwenye mkasi asijue.